Bibi Kizee Mlangoni: Kusoma Upya Simbi Nyaima na Nyamgondho

Karibu kila mtoto aliyekulia kando ya Nam Lolwe, kuanzia Kendu Bay hadi Muhuru Bay, amesikia hadithi mbili: ya kijiji kilichozama na ya mvuvi aliyevua mke. Na karibu kila mtoto huyo alifundishwa kuzisikia vibaya. Shuleni ya kwanza iligeuzwa insha ya ukarimu, ya pili ikawa onyo kuhusu pombe na mdomo mchafu. Funzo limeandikwa ubaoni, kengele imelia, haya, nyumbani.

Siku hizi hadithi hizo zimepata kazi mpya. Zinaalikwa kwenye semina za mazingira. Ukikaa kwenye kikao cha uhifadhi Homa Bay au Migori, hutakosa mtu wa kusimama na kusema kwamba wahenga wetu walijua kutunza maumbile, na ushahidi ni hadithi zetu. Watu wanapiga makofi. Halafu projekta inawashwa, na wahenga hawatajwi tena mpaka maombi ya kufunga.

Nina ugomvi na usomaji huo wa aina mbili, wa ubaoni na wa projekta. Vyuoni kuna uwanja mzima wa mambo haya, insia za mazingira: kusoma ziwa, msitu na mvua kwa kutumia historia, fasihi, dini na falsafa, si kwa vipimo peke yake. Mimi niliacha chuo kabla uwanja huo haujanifikia, kwa hivyo siji na nadharia nzito. Nakuja na swali la mhakiki yeyote: hadithi inasema nini hasa, na sisi tunaisemesha nini? Linaonekana swali dogo. Lakini ziwa likiingia ndani ya nyumba ya mtu, jibu lake ndilo linaloamua nani atalaumiwa.

Kijiji kilichozama

Kwa asiyefika huko: Simbi Nyaima ni ziwa dogo karibu na Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay. Liko mwendo mfupi tu kutoka Ziwa Victoria, lakini hayo mawili hayafanani hata kidogo. Maji ya Simbi ni ya magadi, rangi yake ni kijani cha mwani, na watu hawaendi huko kuvua. Heroe huja na kuondoka wanavyotaka wenyewe. Wanajiolojia watakwambia ni shimo la volkeno lililojaa maji, jirani wa Mlima Homa. Mwaka 2000 serikali ililitangaza kuwa hifadhi. Jina lenyewe ni hadithi tosha: kijiji kilichozama.

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja kulikuwa na sherehe. Pombe ipo, ngoma ipo, wakubwa wote wameketi. Akatokea bibi kizee, amechoka, nguo zimechakaa, akaomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mama mmoja tu ndiye aliyetoka nje akamsikiliza. Bibi akamwambia: chukua watu wako muondoke usiku huu huu. Mvua ikaja. Asubuhi hapakuwa na kijiji. Wasimuliaji wengine wanasema mume wa yule mama alikubali kuondoka naye. Wengine wanasema alicheka, akarudi kwenye chungu, akazama na wenzake.

Funzo la ukarimu halina kosa, ni dogo tu. Hebu tazama mpangilio wa matukio. Maji hayaji kwanza. Kwanza inakuja habari. Bibi kizee hakuja mikono mitupu. Alikuja na taarifa ambayo hakuna mtu mwingine kijijini aliyekuwa nayo, na taarifa hiyo ilifika mpaka mlangoni. Kijiji hakikuangamia kwa kukosa kujua. Kiliangamia kwa sababu wenye kauli walitazama nguo za mleta habari wakaona hastahili kuingia.

Sasa uliza swali ambalo shuleni hatukuulizwa: bibi kizee ni nani katika boma la Wajaluo? Zamani watoto walilala katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim. Humo ndimo walimopata sigana na vitendawili, wakajua majina ya mito na ya koo, wakajua nani ni ndugu na nani anaweza kuolewa. Mwaka 1985 mwanahistoria David William Cohen aliandika makala juu ya kuitazama historia ukiwa kwenye mlango wa pim. Hoja yake ni kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo jamii iliyajua kujihusu yalipitia kwa wanawake hawa, si kwenye baraza la wanaume tu. Miaka michache baadaye, yeye na E. S. Atieno Odhiambo walilirudia jambo hilo katika kitabu chao kuhusu Siaya.

Na usisahau kitu kimoja. Katika jamii ambamo mwanamke huolewa mbali na kwao, kila nyanya alikuwa mgeni siku moja. Alifika kwenye lango la watu akiwa na maneno ya kwingine, hadithi za kwingine, habari za mito ya kwingine.

Liweke hilo kando ya Simbi, uone hadithi inavyogeuka. Mwanamke mzee anayefika usiku kutoka kwingine, akiwa na maneno yanayoweza kuokoa watoto: huyo ni pim. Kijiji kimemfungia nje msimuliaji wake. Na nani ndiye aliyetuletea hadithi hii kizazi baada ya kizazi? Nyanya zetu, hao hao. Kila alipoisimulia gizani, nyanya alikuwa anawaambia wajukuu kinachowapata watu wasiomsikiliza mtu wa aina yake. Hadithi ya Simbi inamhusu anayeisimulia. Ndiyo maana inaniuma kuisikia ikisomwa na mtu mwenye kipaza sauti huku nyanya wenyewe wameketi nyuma ya hema, au hawapo kabisa.

Mvuvi na lango lake mwenyewe

Hadithi ya pili inatoka Gwassi, kusini zaidi, upande wa Nyandiwa. Nyamgondho wuod Ombare alikuwa mvuvi maskini. Siku moja alivuta akakuta amepata mwanamke badala ya samaki. Mwanamke akamsihi amchukue nyumbani. Alipomchukua, ng'ombe wakaongezeka, zizi likajaa, Nyamgondho akawa mtu wa kuitwa kwenye pombe. Akaoa wake wengine. Usiku mmoja alirudi amelewa, akakuta lango limefungwa, akapiga kelele. Hakufunguliwa upesi. Akamtukana yule mke wa kwanza: wewe niliyekuvua ziwani. Kulipopambazuka mwanamke alitembea kuelekea majini, na ng'ombe, mbuzi, kuku, vyote vikamfuata. Nyamgondho alikimbia nyuma akisihi. Akabaki ufuoni ameegemea fimbo yake mpaka akageuka mti. Nyandiwa bado wanaonyesha mahali hapo, na alama kwenye miamba ambazo wanasema ni kwato za wale mifugo.

Usomaji wa ubaoni: pombe mbaya, mheshimu mkeo. Usomaji wa projekta: ziwa ni mama, ukilitukana litakunyang'anya. Wa pili una mvuto, lakini unaruka kitu kilicho wazi kabisa. Katika hadithi, ziwa halikutukanwa. Aliyetukanwa ni mtu. Na tusi lenyewe lilikuwa la namna ya pekee: Nyamgondho alimrudisha mkewe kuwa kitoweo. Alimhesabu pamoja na samaki.

Mtu yeyote anayejua fuo zetu anajua kwamba hesabu hiyo haijaisha. Kuna neno, jaboya, na halihitaji kufafanuliwa Mbita wala Karungu: mvuvi anayemuuzia mwanamke samaki kwa sharti la mwili wake. Biashara ya omena inabebwa na wanawake. Wao ndio wananunua, wanaanika, wanafunga magunia, wanapakia. Samaki wakipungua, mwenye boti anapata nguvu zaidi ya kuchagua atamuuzia nani na kwa bei ipi, na bei nyingine hailipwi kwa pesa. Kwa hivyo mtu akiniambia kupungua kwa samaki ni suala la mazingira na jaboya ni suala la jinsia, kila moja na semina yake, nitamrudisha Gwassi. Nyamgondho alijua mambo haya mawili ni moja, ingawa alijua akiwa amechelewa.

Simaanishi hadithi hii haina doa. Ina doa. Mwanamke wa ziwani hana hata jina. Thamani yake inapimwa kwa ng'ombe alioleta, na hasira yake ndiyo silaha pekee aliyopewa. Simbi nayo inazamisha hata watoto waliokuwa wamelala, ambao hawakumfukuza mtu. Hadithi za zamani si mahakama ya haki. Mhakiki anayezigeuza kuwa malaika hazisaidii, anazifunga mdomo kwa heshima. Okot p'Bitek alilipigia kelele jambo la jamaa yake mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika kitabu chake kuhusu wasomi wa Magharibi na dini za Afrika: wasomi wa Kiafrika waliivisha miungu ya Kiafrika kanzu za Wagiriki ili ipendeze mbele ya ulimwengu wa Magharibi. Sisi tumebadilisha vazi tu. Tunazivisha sigana fulana ya mradi, nembo ya mfadhili kifuani, halafu tunashangaa kwa nini hazitembei.

Saa nne asubuhi

Tuingie kwenye hema lenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia na kulinda mazingira, na ilinde ujuzi wa jadi kuhusu viumbe hai. Maneno mazuri. Kwa hivyo vikao vipo. Viti vya plastiki vipo, chupa za maji zipo, orodha ya kutia sahihi ipo.

Kikao kinaanza saa nne asubuhi. Sasa omena huvuliwa usiku, kwa taa. Boti zinarudi alfajiri. Saa nne ni saa ambayo jua limeshika vizuri na samaki wametandazwa kwenye nyavu chini, na wakikosa kugeuzwa, au mvua ikiwapata, mtaji umeoza. Kwa hivyo yule anayelijua ziwa kwa mikono yake kila siku ya Mungu hawezi kuwa ndani ya hema. Hakuna aliyemkataza. Saa yenyewe imemfungia mlango.

Kisha lugha. Ripoti imeandikwa kwa Kiingereza, inafupishwa kwa Kiswahili, na anayeuliza kwa Dholuo anaambiwa aulize kwa kifupi. Anayezungumza Olusuba, lugha ya Mfangano na Rusinga ambayo tayari imezidiwa na Dholuo, hata haulizwi. Kikuria vivyo hivyo ukifika Migori upande wa Kehancha. Neno "mazingira" kwenye vikao hivi limekuwa jina la mradi. Ukimuuliza mama wa omena kuhusu mazingira, atakuambia hajui. Ukimuuliza upepo wa jana ulitoka wapi na maji yana rangi gani, kaa chini, utachoka wewe kwanza.

Hata ofisi zetu zimegawana vitu kwa namna ambayo hadithi haina pa kulala. Bonde la Lambwe lina Hifadhi ya Taifa ya Ruma, na iko chini ya shirika la wanyamapori, kwa sababu ina korongo, swala wakubwa ambao huwapati porini mahali pengine Kenya. Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, kwa sababu ni mawe yaliyopangwa na watu. Hili ni pori, lile ni utamaduni. Lakini Lambwe ina historia ndefu ya mbung'o na malale, ya watu kuhama na kurudi, na historia hiyo ni ya binadamu kama ilivyo ya wadudu. Na Thimlich je? Jina lake lenyewe linataja msitu mzito wa kutisha. Pori limo ndani ya utamaduni kuanzia neno la kwanza.

Nikae Thimlich kidogo, kwa sababu ni jibu la Simbi ambalo hatulisomi. Ni maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, jiwe juu ya jiwe, mengine yakipita kimo cha mtu mrefu. Inaaminika yalijengwa karibu karne ya 16. Malango yake ni mafinyu na ya chini, unainama ili uingie. Mwaka 2018, kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia kule Manama, Bahrain, kiliyaingiza kwenye orodha ya UNESCO. Watu walifurahi, na walistahili kufurahi.

Lakini kwa nini yamesimama? Ukuta usio na saruji haudumu wenyewe. Jiwe likianguka, mtu lazima alirudishe. Na waliokuwa wakiyarudisha hawakuwa kabila moja. Waliojenga kwanza waliondoka, wakaja wengine, wakakaa, wakakarabati, nao wakapisha wengine, mpaka katika karne ya 20 watu wa mwisho walipohama. Kwa maneno mengine, ngome hiyo, iliyojengwa ili kuzuia watu wa nje, imetufikia kwa sababu watu wa nje waliingia na kuishika. Simbi ilimfukuza mgeni ikazama. Thimlich ilikaliwa na wageni ikabaki. Hadithi ya kwanza ni ya maji na ya pili ni ya mawe, lakini zote mbili zinahoji nani anaruhusiwa kupita langoni.

Nani ameshika mlango?

Sasa tufike kwenye lawama. Semina nyingi zina hadithi yao wenyewe, ingawa hawaiiti hadithi. Inaenda hivi: ziwa linakufa kwa sababu wavuvi wanatumia nyavu za macho madogo, wachimbaji wanatumia zebaki, wanakijiji wanakata miti. Wakazi ndio wanakijiji wa Simbi, wakaidi, walevi. Mtaalamu ndiye bibi kizee anayeleta onyo. Ona jinsi viti vilivyobadilishwa! Aliyekuja kwa gari kubwa amejipa nafasi ya mwombaji, na aliyekosa nafasi ndani ya hema amepewa lawama ya mwenye nyumba.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka likaipita rekodi ya 1964. Fuo zilizama, vyoo vilizama, mashamba na nyumba vilizama, Homa Bay na Migori zikiwemo. Sababu kubwa ilikuwa mvua, maana maji mengi ya Victoria hutoka angani moja kwa moja. Lakini kuna jambo wanakijiji wengi hawajawahi kuambiwa kwenye kikao: ziwa hili lina mlango. Uko Jinja, Uganda. Tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, maji yanayotoka kuelekea Mto Naili hupimwa na kuachiliwa na binadamu. Katikati ya miaka ya 2000, ziwa liliposhuka vibaya, ukame ulichangia, na maji yaliyoachiliwa kupita kiasi ili kuzalisha umeme yalichangia pia. Mama wa Karungu hana funguo za mlango ule. Hajawahi hata kuuona.

Mbuta naye? Sangara hakuzaliwa ziwani humu. Aliwekwa na binadamu katika miaka ya 1950 na 1960, kwa maamuzi ya maofisini. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshika ziwa lote, na aina nyingi mno za fulu, wale samaki wadogo ambao nyanya zetu waliwajua mmoja mmoja, zilikuwa zimetoweka. Viwanda vikaja, minofu ikapanda ndege, na mwenye ziwa akaachiwa mgongo wazi wa kukaanga. Nani alikuwa kwenye sherehe hapo, na nani alikuwa nje?

Na zebaki ya Nyatike haichimbwi Nyatike. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960; hata bwawa la Gogo kwenye Mto Kuja lilijengwa ili kuupa umeme. Waliobaki ni wachimbaji wadogo, wanaume mashimoni na wanawake wanaosaga na kuosha mchanga. Wanashika dhahabu kwa zebaki kisha wanaichoma motoni, na mvuke wake unavutwa na yeyote aliye karibu, mtoto akiwemo. Ni hatari ya kweli na sitaipaka rangi. Anayeichoma anajidhuru na anamdhuru jirani. Nyavu haramu nazo zipo, na wanaozitumia si wageni kutoka mbali. Wakazi si malaika. Ninachokataa ni hesabu inayoanza na kuishia kwao.

Mkataba wa dunia kuhusu zebaki unaitwa Minamata, na jina hilo lina somo kwa mwandishi. Minamata ni mji wa wavuvi huko Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba, watu wakala samaki, ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Kwa muda mrefu wagonjwa walionekana aibu ya mji. Mmoja wa waliogeuza mambo ni Michiko Ishimure, mke wa nyumbani aliyekulia hapo hapo, hakuwa profesa wala afisa. Alikwenda kwa wagonjwa, akakaa, akasikiliza, na mwaka 1969 akatoa kitabu kilichobeba sauti za wavuvi kwa lahaja yao wenyewe. Hakuwavisha hekima ya wahenga na hakuwapa lawama. Aliwaacha wazungumze mpaka nchi ikashindwa kuziba masikio. Hiyo ni kazi ya fasihi, na ilifanya jambo ambalo vipimo vya maabara peke yake havikuwa vimefanya.

Tunaye nani wa namna hiyo Osiri? Nani anaandika maneno ya mama anayeosha mchanga, kwa Dholuo chake, na vicheko vyake na matusi yake? Hatuanzi patupu. Asenath Bole Odaga alitumia maisha yake kukusanya na kuandika simulizi za Wajaluo, akaanzisha na uchapishaji wake Kisumu ili zipate pa kutokea. Lakini mara nyingi tumezihifadhi sigana kama mboga kavu, za kutoa wakati wa mitihani na mikutano. Sigana ilikuwa jambo la kubishaniwa. Mtoto aliuliza: kwani mume wa yule mama alirudi kwa nini? Mbona hakumwamini mke wake? Na pim hakuwa na jibu moja. Kesho yake alisimulia tofauti kidogo.

Kwa hivyo sihitaji semina nyingine ya kuniambia wahenga walipenda miti. Ningependa kikao kimoja jioni, samaki wakiwa wameshakunjwa, ufuoni penyewe, kwa lugha ya ufuoni. Mtu asimulie Simbi, halafu watu wabishane: leo mwenye sherehe ni nani? Bibi kizee ni nani? Nani ana mlango wa kufungua, na nani hana mlango wowote? Mhandisi wa maji awepo, na aeleze Jinja bila kuharakisha. Mchimbaji awepo. Mwenye boti awepo, asikie jaboya ikitajwa mbele yake. Katibu aandike yote, hata yale yasiyoingia kwenye jedwali la ripoti. Huo ungekuwa ushirikishwaji ninaouelewa, na haungegharimu hata projekta.

Na turudi kwa yule mama wa Simbi, maana hadithi haisemi kwamba alikuwa na elimu ya mvua kuliko wengine. Haisemi alipanda miti, wala kwamba aliheshimu mila kuliko jirani zake. Alifanya kitu kimoja: aliacha sherehe, akatoka nje kwenye giza, akamuuliza mtu aliyefukuzwa, unasema nini? Akamaliza kusikiliza, ndipo akaenda kuwaamsha watoto.